Ripoti Juu ya "Leo Nimeoga"

1

Alhamisi, saa nne asubuhi, Subilaga Mwaipaja alikuwa amekwisha kuusikiliza wimbo uleule mara kumi na nane, bila kupewa neno lake hata moja.

Ndivyo kazi yenyewe ilivyokuwa. Wachambuzi wa Shindano la Wimbo wa Mataifa hawakuletewa maneno mpaka siku ya tatu. Siku mbili za kwanza wimbo ulipitishwa kwenye Chujio, mashine isiyozidi ukubwa wa jiko la mkaa, nayo ikaondoa vyombo, ikavua maneno, ikaacha koo tupu: pumzi, mtetemo, mate yanayomezwa, ule mkwaruzo mdogo unaotangulia sauti. Mgeni akiusikia wimbo uliovuliwa hivyo hudhani ni mtu anayeweweseka kwa homa. Subilaga hakuwa mgeni. Alikuwa na miaka tisa katika kazi hiyo, na wenzake walimtania kwamba anaweza kusema mwimbaji amekunywa chai ya rangi au ya maziwa.

Maneno aliyajua, maana nani katika nchi nzima hakuyajua? Muuza vitumbua wa mtaani kwake Iringa aliyaimba akigeuza vitumbua. Mhubiri wa kanisa la jirani alikuwa ameyatolea mahubiri mawili. Ila Kanuni ya shindano ilimtaka mchambuzi ajifanye hayajui, naye Subilaga alikuwa mtu wa Kanuni, basi akajifanya.

*Leo nimeoga, mama, usiniulize zaidi,*
*leo nimeoga, na taulo nimelianika.*

Ni hayo tu. Kiitikio kizima ni mtu kuoga. Lakini aliyewahi kulala siku arobaini akiutazama ukuta, asiweze hata kunyanyua kopo la maji, alijua ni ushindi wa namna gani unaoimbwa pale. Aikande Urassa, binti wa miaka ishirini na mitatu kutoka Machame, alikuwa ameuimba ugonjwa wake na kupona kwake katika dakika tatu, na dunia ikamwelewa. Wajapani walikuwa wanaimba "nimeoga" kwa Kiswahili chao cha kubahatisha. Miaka kumi na tisa ilikuwa imepita tangu wimbo wa Kiswahili ufike fainali.

Kuhusu ripoti aliyotakiwa kuiandika, hata watoto wa shule walijua ilikotokea. Kuna wakati nyimbo za maradhi ya akili zilianza kushinda, na mara kila mwimbaji akawa mgonjwa. Watu wazima wa afya, wanaokula na kusaza, walipanda jukwaani wakalilia sonona ambayo hawakuwahi kuiona hata kwa jirani. Wapiga kura walipogundua wakakasirika, na wagonjwa wenyewe wakakasirika zaidi. Ndipo ikatungwa Kanuni ya Ukweli: wimbo wowote unaosema "mimi" juu ya ugonjwa wa akili sharti uandamane na ripoti, iandikwe na mtu aliyekulia katika lugha ya wimbo huo. Mwisho wa ripoti huwa na neno moja. *Ameyapitia*, au *Ameigiza*. Neno hilo husomwa jukwaani, mbele ya mataifa arobaini na moja, kura zikiwa bado hazijafunguliwa. Watazamaji walikuwa wameanza kuipenda sehemu hiyo kuliko nyimbo zenyewe, jambo ambalo Subilaga aliliona la aibu na hakumwambia mtu.

Sasa alikuwa ameinama juu ya kioo cha Chujio, na jasho lilikuwa linamtoka katika baridi ya Iringa.

Alama zinazotafutwa kooni ni kumi na saba. Kumi za mwanzo ni za kawaida: uchovu, huzuni, hofu na ndugu zake. Mtu yeyote aliyelipa kodi ya nyumba ana mbili tatu kati ya hizo. Ya kumi na moja ndiyo iliyowafanya wachambuzi wavue vipokea sauti na kwenda kunywa maji. Waliiita utulivu. Koo la mtu anayeteseka hugombana na lenyewe. Pumzi inataka hivi, misuli inataka vile, na ugomvi huo husikika. Siku mtu huyo anapoamua kwamba hataendelea kuishi, ugomvi hukoma. Sauti hunyooka, huwa safi, hata nzuri. Familia hufurahi, hudhani amepata nafuu. Katika kumbukumbu za ofisi ya wachambuzi kulikuwa na watu mia mbili na sita waliokutwa na alama hiyo, na zaidi ya nusu yao hawakumaliza mwezi.

Ilikuwa humo, ndani ya "Leo Nimeoga", wazi kabisa.

Wazo la kwanza la Subilaga lilikuwa la mtu wa kazi, na baadaye alijichukia kwa hilo. Alifikiri: binti anasema amepona, naye hajapona, kwa hiyo ameigiza. Alikwisha kuandika herufi nne za neno hilo. Kisha akasita, kwa sababu kuna kitu hakikukaa sawa. Alama ilionekana kwenye kiitikio tu. Kwenye beti koo lilikuwa koo la mtu aliyeumia kweli, akapona kweli, mfano wa mguu uliovunjika ukaunga vizuri. Koo haliwezi kuamua kufa katika kiitikio na kubadili nia katika ubeti, kisha likarudia hivyo mara tatu.

Akafungua orodha ya vyombo. Ilikuwa imeandikwa kama zinavyoandikwa zote: ngoma, besi, kinanda, waitikiaji, zeze. Ndiyo, waitikiaji waliandikwa hapo, katikati ya kinanda na zeze, tangu shindano lianze. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Chujio liliagizwa kuondoa vyombo, likaviondoa vyote na watu wake.

Safari hii mtu mmoja hakuondoka. Mbele ya neno "waitikiaji" palikuwa na jina moja: Ndeshi Urassa. Dada mkubwa, tumbo moja, maziwa mamoja, koo moja kwa kipimo cha mashine. Chujio lilishindwa kuzitenganisha sauti zile mbili, likazishona pamoja na kumkabidhi Subilaga kana kwamba ni mtu mmoja.

Alizitenganisha kwa mkono, pumzi baada ya pumzi. Ilimchukua mpaka saa nane mchana. Aikande alikuwa mzima. Alama ya kumi na moja ilikuwa ya dada yake.

2

"Mshiriki ni nani?" aliuliza Mzee Shemdoe.

"Aikande."

"Na koo la Aikande linasemaje?"

"Ameyapitia. Sina shaka hata chembe."

"Basi andika hivyo, mama, tukapumzike."

Mzee Shemdoe alikuwa mkuu wa wachambuzi, Msambaa mpole aliyevaa kofia ya sufu mwaka mzima na kulaumu vilima vya Iringa kwa kila kikohozi chake. Ndiye aliyemfundisha Subilaga kazi. Alikuwa anamimina chai ya tangawizi, na alikuwa amekwisha kuelezwa habari ya sauti ya pili.

"Na dada yake je, mzee?"

"Dada yake..." Akaweka birika chini. "Kwa mujibu wa Kanuni, dada yake ni chombo."

Alilisema kwa aibu, lakini alilisema.

"Hukupewa ruhusa ya kumsikiliza," aliendelea. "Aikande alitia saini. Yeye hakutia. Kipimo cha mtu asiyetoa ruhusa kinafutwa ndani ya saa moja, unalijua hilo kuliko mimi. Na ukipeleka neno lolote upande wa mshiriki kabla ya kura, iwe kwa mdomo wako, kwa daktari wa shindano, au kwa mama yao huko Machame, wimbo umeondolewa shindanoni. Nchi nzima imevaa fulana za wimbo huu, Subilaga. Mimi mwenyewe mke wangu amenishonea."

"Kwa hiyo fulana."

"Usinidhihaki. Nisikilize." Alivua kofia, jambo ambalo hakulifanya mara kwa mara. "Kuna waajiri wanaolitaka Chujio hili. Kuna wazazi wa wachumba. Kuna serikali zinazotamani kujua raia wake wanameza mate namna gani. Kila mwaka tunawaambia hapana, kwa sababu sisi husikiliza aliyejileta mwenyewe tu. Siku tukimwendea mtu mmoja na kumwambia, tumekusikia pasipo wewe kujua, hata kama ni kwa wema, tumeufungua mlango ule. Nani atathubutu kuimba tena karibu na maikrofoni? Nani atathubutu kuongea?"

Subilaga alikubaliana na kila neno. Hilo ndilo lililomuumiza. Kama mzee angekuwa mjinga au mwoga ingekuwa rahisi, lakini alikuwa anasema mambo ambayo Subilaga mwenyewe alikuwa akiyafundisha kwa wanafunzi wake kila Machi.

"Kura zinafungwa Jumapili saa mbili usiku," alisema mzee kwa sauti ya chini. "Dakika inayofuata nitakupeleka kwake mimi mwenyewe, na daktari nyuma yetu. Siku tatu tu."

"Mzee, nikuulize. Mtu mwenye alama ya kumi na moja, ambaye, kwa habari za magazeti, bado anapiga pasi nguo za mdogo wake, anamfunga viatu, anaimba naye kila siku. Ameshaamua, lakini yupo. Unadhani anangoja nini?"

Mzee Shemdoe alimsogezea kikombe cha chai.

"Anangoja mdogo wake ashinde," alisema Subilaga. "Akishaona Aikande amesimama mwenyewe mbele ya dunia, kazi yake imekwisha. Jumapili saa mbili na dakika moja unayoniambia wewe ndiyo anayoingoja yeye."

"Hilo halipo kwenye kipimo. Unakisia."

"Nakisia."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea nitakuwa nimeua wimbo, nimemvunjia mtu faragha yake, na nimepoteza leseni. Nikipatia pia."

Mzee hakucheka. Alivaa kofia yake tena, akaivuta hadi masikioni. "Kifute kile kipimo," alisema. "Hilo angalau lifanye." Kisha, alipoona Subilaga anafika mlangoni, akaongeza, bila kumtazama, kwamba mazoezi ya Ijumaa kwenye ukumbi wa shindano yanaanza saa tatu na mlango wa mashariki hauna mlinzi mkali.

Subilaga alikifuta. Halafu akaandika ripoti, akaweka neno *Ameyapitia*, akatia saini. Lilikuwa neno la kweli kuliko yote aliyowahi kuandika, na alijua halitasomwa.

3

Chumba cha waimbaji wa Kiswahili kilikuwa mwisho wa ukumbi, karibu na bomba la maji. Ijumaa saa tatu na nusu mlango ulikuwa wazi. Ndani, mwanamke mrefu aliyefunga kanga kiunoni alikuwa anapiga pasi gauni la kijani, polepole, akikunja ukingo mmoja baada ya mwingine. Usoni alifanana sana na Aikande wa kwenye mabango, isipokuwa yeye hakuna aliyewahi kumpiga picha akiwa amejiandaa.

"Shikamoo, mama," alisema Ndeshi. "Umepotea? Choo kipo upande wa pili."

"Marahaba. Sijapotea. Wewe ndiye Ndeshi?"

"Ndimi."

Subilaga alikuwa amejiandalia maneno njia nzima. Yote yakamkimbia. Katika miaka tisa hakuwahi kuongea na mtu hata mmoja kati ya aliowachambua, na ghafla alitambua kwamba hajui watu wa namna hii huanzwa vipi. Akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa.

"Naitwa Subilaga Mwaipaja. Ni mchambuzi wa shindano."

Pasi ilisimama. Ndeshi aliitazama korido, akaenda akausukuma mlango hadi karibu kufunga, akarudi. Aliongea kwa haraka na kwa adabu.

"Mama, hutakiwi kuwa hapa. Unajua hutakiwi. Nyuma kuna mlango mwingine na hakuna aliyekuona. Mimi sitasema. Ukitoka sasa hivi wimbo haujafa."

"Nitakuuliza kitu kwanza. Nitakiuliza kilivyo, maana sijui kukizungusha. Unafikiria kujiua?"

Nje mtu alikuwa anajaribu spika, moja mbili, moja mbili. Ndeshi hakushtuka. Hilo lilimtisha Subilaga kuliko kama angepiga kelele. Alitabasamu tabasamu la mtu anayepokea mgeni akiwa hana sukari nyumbani.

"Nani amekwambia hivyo?"

"Sauti yako. Mashine ilikosea, ikakuchanganya na mdogo wako, nami nikakusikiliza. Sikuwa na ruhusa yako. Kwa hilo nakuomba radhi, na una haki ya kunishtaki."

"Sauti yangu?" Ndeshi alionekana kushangaa kweli. "Mimi naitikia tu, mama. Hata jina langu kwenye bango halipo."

"Niliisikia."

"Mimi ni mzima. Mgonjwa alikuwa Aika. Muulize yeyote. Miezi kumi na minne nimemlisha kwa kijiko. Nimemwogesha. Nimelala chini mlangoni pake ili asitoke nisijue. Mgonjwa namjua anavyokuwa."

"Najua umemuuguza."

"Na amepona. Umemwona? Jana amemgombeza fundi wa taa mpaka raha." Tabasamu likawa la kweli kwa kitambo, kisha likaenda. "Jumapili atashinda. Halafu mambo yatakuwa sawa."

"Baada ya Jumapili umepanga kufanya nini?"

Ndeshi alirudi kwenye gauni. Alipiga pasi mkono mmoja wote, akaugeuza, akaanza tena palepale palipokwisha kunyooka.

"Wewe umepanga nini, Ndeshi? Jumatatu asubuhi."

"Jumatatu," alisema, kama mtu aliyeulizwa njia ya mji ambao hajawahi kusikia jina lake.

Wakati huohuo Aikande aliingia, mlango ukigonga ukuta. Alikuwa na viatu mkononi, uso nusu umepakwa rangi, anaongea kabla hajafika. "Dada, wanatuita dakika kumi, na yule wa taa nimemwambia akiniwekea tena ile ya bluu..." Akamwona mgeni. "Shikamoo."

"Marahaba."

"Huyu ni mama wa nguo," alisema Ndeshi upesi. "Amekuja kunionyesha pasi ya mvuke. Anaondoka."

Ulikuwa uongo mzuri, umetengenezwa kwa sekunde moja na mtu aliyezoea kumkinga mwenzake. Subilaga aliona wazi jinsi ulivyomfaa yeye mwenyewe. Angeweza kusimama, akasema haya wanangu kazi njema, akatoka. Jumapili neno lake lingesomwa, watu wangelia kwa furaha kuanzia Mbeya hadi Mombasa, Mzee Shemdoe angevaa fulana aliyoshonewa na mke wake. Macho ya Ndeshi yalikuwa yanamsihi afanye hivyo hasa. Na huenda alikuwa amekosea. Huenda yote yalikuwa makisio ya mwanamke aliyekaa miaka tisa akisikiliza pumzi za watu asioruhusiwa kuwasalimu.

Aliingiza mkono kwenye mkoba, akatoa kitambulisho chekundu cha wachambuzi, akakivaa shingoni.

Aikande alikitazama. Viatu vikamdondoka, kimoja kisha kingine.

"Hapana," alisema. "Hapana, mama. Toka. Toka kabla hawajakuona."

"Nimeshakuja, mwanangu. Nisipojiripoti mwenyewe nitakuwa mwongo, na wimbo wenu si wa uongo."

"Umetumwa na nani? Nchi gani imekulipa?" Sauti yake ilianza kupanda. "Unajua nimetoka wapi mimi? Unajua nilikuwa siwezi hata..."

"Najua. Nimekusikia. Wewe umepona vizuri kabisa. Sikuja kwa ajili yako."

Ilimchukua Aikande muda kulielewa hilo. Tangu alipougua, kila mtu aliyeingia chumba chochote alikuwa amekuja kwa ajili yake: madaktari, mama, mchungaji, watu wa magazeti. Aliyafuata macho ya Subilaga hadi kwa dada yake, aliyesimama na pasi mkononi, kanga imefungwa vizuri, uso umetulia.

"Dada?"

"Si kitu, Aika. Samahani. Amenielewa vibaya, nitamweleza, labda watamsikiliza..." Ndeshi alikuwa tayari anapanga namna ya kurekebisha mambo. "Wewe nenda. Wahi jukwaani, usiwape sababu."

"Dada, nitazame."

Ndeshi alimtazama. Mtu aliyewahi kuwa kule huwa haulizi maswali mengi. Aikande aliutambua uso ule mara moja, maana aliwahi kuuona kwenye kioo cha chumbani kwao Machame. Hasira ilimtoka yote kwa mkupuo, ikabaki hofu tupu, ya mtoto.

Mlangoni msimamizi wa jukwaa alichungulia akasema waimbaji wa Kiswahili wamebakiwa na dakika tano. Alikiona kitambulisho chekundu, akabaki ameushika mlango.

"Mwambie hatuimbi," alisema Aikande bila kugeuka.

"Aika, nenda ukaimbe," alisema Ndeshi. Ndipo sauti yake, kwa mara ya kwanza, ilipokwaruza. Subilaga aliisikia: ugomvi ulikuwa umerudi kooni. Hakuwahi kufikiri kwamba angefurahi kusikia kitu cha namna ile.

Aikande alimchukulia dada yake pasi mkononi, akaichomoa kwenye umeme, akaisimamisha. Alimshika vidole, vyote kumi.

"Tangu lini?" aliuliza.

Ndeshi alijaribu kutabasamu na hakuweza.

"Tangu ulipopona," alisema.

Huko jukwaani spika zilitaja jina la wimbo kwa mara ya pili, kisha kwa mara ya tatu, na wale dada wawili walikuwa wameketi sakafuni.